Kijana wangu ana mita 2.03: nimwachie aende Marekani kabla ya Exetat?

Swali: "Mwalimu, jambo sana. Ninakuandikia kutoka Kampemba, Lubumbashi. Kijana wangu ana miaka 17, urefu wake mita 2.03, yuko mwaka wa tatu wa humanités, ile miaka minne ya mwisho ya sekondari, upande wa sayansi. Bado mwaka mmoja afanye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Ameanza basketi miaka mitatu iliyopita. Kuna bwana mmoja amemwona uwanjani. Anasema ana shule Marekani itakayompokea Januari, kutoka pale ataingia chuo kikuu, na kwamba siku hizi huko wachezaji wanalipwa, kama Oscar wetu. Anaomba dola 2,500 za dosye, yaani za kushughulikia karatasi. Tena anataka tutengeneze hati nyingine ya kuzaliwa, mtoto awe na miaka 15, eti apate muda wa kukua. Baba yake ameanza kutafuta mnunuzi wa parseli yetu ya Kalebuka. Mimi moyo unakataa, lakini sitaki siku moja mtoto aniambie, mama, ni wewe uliyenizuia. Nifanye nini?"

Jibu:

Mama, kwanza parseli isiuzwe. Naanza na hilo kwa sababu mnunuzi wa kiwanja hasubiri mtu amalize kufikiri. Akishatoa avansi mbele ya mashahidi, kurudi nyuma ni ugomvi. Na ile hati ya pili ya kuzaliwa isiandikwe kabisa. Mengine yote tunaweza kuyazungumza polepole.

Moyo wako haujakosea, lakini sitaki uelewe kwamba ninamfungia kijana njia. Mita 2.03 akiwa na miaka 17, basketi ya miaka mitatu tu, na bado yuko darasani anasoma hesabu na fizikia: mtoto wa namna hiyo makocha wa vyuo vya Marekani wanamtafuta kwa tochi. Ninachokikataa ni mpango wa huyo bwana, maana kila hatua yake inaharibu kitu kile kile ambacho bila hicho mtoto hatacheza hata dakika moja, yaani faili lake.

Niseme nimeyajulia wapi. Nilitoka Lubumbashi nikiwa na miaka 19, nikacheza katika chuo kidogo cha Marekani misimu mitatu badala ya minne. Ule mmoja niliumaliza nimekaa mwisho wa benchi na koti la kuazima, kwa sababu buletini yangu, karatasi ya alama za shule, ya mwaka wa kwanza wa humanités haikupatikana. Shule niliyosoma ilikuwa imehama jengo, na rejista zilikuwa zimelowa mvua. Baadaye chuo kingine kiliniajiri kusoma mafaili ya wachezaji wanaotoka nje. Miaka mingi nimekaa mezani na buletini za Dakar, za Bamako, za Kinshasa na za kwetu, nikihesabu masomo moja moja. Nimeona vijana warefu kuliko wako wakikwama kwa karatasi moja. Ndiyo maana ninakuandikia kirefu.

Tumchukue Oscar, kwa kuwa ndiye anayetajwa. Lubumbashi kila mtu anaijua habari yake kwa kifupi, na kifupi hicho ndicho mtaji wa watu wa dosye. Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999. Alivuka akiwa bado wa sekondari, akasoma kwanza Mountain Mission School, katika mji mdogo wa Grundy, Virginia, halafu Kennedy Catholic, Pennsylvania. Mwaka 2019 akaingia West Virginia University, na Januari 2021, katikati ya msimu, akahamia chuo kikuu cha Kentucky. Msimu wa 2021–22 alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita bila mchezaji yeyote wa Divisheni I, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, kufikisha wastani wa ribaundi 15. Mwaka huo tuzo kubwa za mchezaji bora wa vyuo zilimwendea yeye.

Hadithi ya mtaani inakomea hapo. Mimi naiendeleza. Juni 2023, usiku wa drafti, timu za NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya, yaliitwa majina 58. Jina la Oscar halikuitwa. Hakupungukiwa bidii hata kidogo. Sijui mchezaji aliyeukimbilia mpira unaodunda kwenye ringi kwa njaa kama yake. Ila timu za NBA zilimtazama mtu wa mita 2.06 anayefanya kazi chini ya ringi, asiyerusha kutoka mbali, zikaona kwamba kwao atakutana na warefu zaidi na wepesi zaidi. Alisaini na Indiana Pacers mkataba wa njia mbili, ule wa kugawanya msimu kati ya timu kubwa na timu yake ya G League, ligi ndogo ya NBA, na mwaka 2024 akasaini mwingine wa namna hiyo na Utah Jazz. Ni kazi ya heshima, inalisha familia. Lakini mama, huyo alikuwa bora kuliko wote katika vyuo vya Marekani nzima, na bado akaingia kwa mlango wa nyuma. Anayekwambia "kama Oscar" akwambie na sehemu hii.

Kuhusu pesa, huyo bwana hajadanganya kwamba zipo. Tangu tarehe 1 Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina lake na sura yake: tangazo, video, kusaini fulana. Na tangu Juni 2025, jaji alipoidhinisha makubaliano ya kesi inayoitwa House, vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wachezaji wao pesa moja kwa moja. Kwa mwaka wa kwanza kikomo kiliwekwa kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo, michezo yote pamoja. Alichonyamazia ni viza.

Mwanao atakwenda kwa viza ya F-1, viza ya mwanafunzi. Mwenye F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi ya nje inataka kibali, na kusimama mbele ya kamera kutangaza duka la magari kwa malipo kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi bila kibali. Adhabu yake haiishii kwenye faini. Anaweza kupoteza haki ya kubaki kama mwanafunzi, na basketi yote ikaishia hapo. Kwa hiyo Oscar, wakati jina lake liko kinywani mwa kila mpenzi wa basketi ya vyuo, alikuwa anawaona wenzake Wamarekani wakisaini mikataba baada ya mazoezi, na yeye kila kitu lazima aulize kwanza. Agosti 2022 Kentucky ilikwenda Bahamas kucheza mechi za maandalizi, na ni huko, nje ya ardhi ya Marekani, alikofanya kazi za matangazo ambazo Kentucky kwenyewe asingeweza kuzifanya. Safari ya namna hiyo inataka chuo tajiri chenye wanasheria wanaopanga kila kitu. Kijana aliyeko chuo cha watu 2,000 katikati ya mashamba ya mahindi hana Bahamas. Hata zile pesa mpya za kugawiwa na chuo, wanasheria wanazishika kwa vidole viwili mchezaji akiwa na F-1.

Mweke Oscar kando ya Emmanuel Mudiay, uone tofauti. Mudiay alizaliwa Kinshasa mwaka 1996, akafika Texas mwaka 2001, mtoto mdogo, pamoja na mama yake na kaka zake, kwa sababu ya vita. Hao walikwenda kuishi. Mwaka 2014 aliiacha nafasi yake ya chuo cha SMU, akaenda China kucheza katika timu ya Guangdong kwa dola milioni 1.2 ili maisha ya mama yake yawe mepesi, na mwaka uliofuata Denver, timu ya NBA, wakamchukua akiwa wa 7 katika drafti. Wote wawili ni Wakongomani, wote wanaitwa wahamiaji magazetini. Mbele ya sheria ya Marekani ni watu wawili mbalimbali: mmoja amehamia, mwingine ni mgeni aliyekuja kusoma. Mwanao atakuwa huyu wa pili, na ofisa wa ubalozi atakayemhoji Kinshasa ataanza kwa kudhani kwamba kijana anataka kuhamia moja kwa moja. Ni juu ya kijana kuonyesha kwamba ana nyumbani pa kurudi. Sasa fikiria parseli ya Kalebuka. Mnataka kuiuza ili apate viza, nayo ni moja ya vitu vinavyoonyesha kwamba familia yenu imekaa na itakaa.

Na hadhi hiyo ya ugeni haina mwamvuli. Tarehe 5 Aprili 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Jioni ile ile Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alikuwa uwanjani na chuo cha Duke katika nusu fainali ya taifa ya vyuo dhidi ya Houston. Ugomvi wenyewe ulitokana na mtu mmoja aliyerudishwa Juba kwa nguvu, Juba wakasema si wetu, huyu ni Mkongomani. Maluach alibaki, na Juni ile akachaguliwa wa 10 katika drafti ya NBA. Lakini fikiria kulala usiku ule ukiwa mama yake. Mtoto mwenye karatasi safi anatetewa na chuo chake. Mwenye hati ya kughushi, chuo kinamkimbia.

Sasa niiseme hati hiyo vizuri, maana najua desturi yetu. Viwanjani kwetu kupunguza miaka hakuonekani kuwa uongo. Kunaonekana kuwa msaada. Walimu wanajua, marefa wanajua, hata padri aliyembatiza mtoto anajua. Kwa Wamarekani, kumpa ofisa wa viza hati ya uongo ni kosa linaloweza kumfungia mtu nchi ile maisha yake yote, na haliandikwi kwa jina la bwana wa dosye, linaandikwa kwa jina la mtoto. Tena halifichiki. Buletini za shule ya msingi zina tarehe ya kuzaliwa, kadi ya ubatizo inayo, kadi ya kilabu inayo. Na sisi tayari tunatazamwa kwa jicho la shaka. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, mwaka 2011 alicheza Nike Hoop Summit, mechi ya vijana wenye vipaji, huko Portland akapata pointi 12, ribaundi 11 na bloku 10. Badala ya pongezi peke yake, kilichofuata ni maswali: kweli huyu ana miaka 18? Alichaguliwa wa 7, lakini alipita kwanza katika moto wa maswali. Mtoto mwenye hati mbili atapitaje?

Kuna na hili, ambalo nadhani huyo bwana halijui kabisa. NCAA, chama kinachoendesha michezo ya vyuo, pamoja na umri kinahesabu miaka ya shule. Mchezaji wa Divisheni I lazima awe na masomo 16 ya msingi, kwa wastani usiopungua 2.3 katika kipimo chao kinachoishia 4. Divisheni II ni 2.2. Na kwa Divisheni I masomo hayo yanatakiwa yawe yamekamilika ndani ya miaka minne tangu aanze darasa la 9. Kwetu ni miaka 8 ya elimu ya msingi na miaka 4 ya humanités, kwa hiyo darasa lao la 9 ni mwaka wetu wa kwanza wa humanités. Hesabu ya mwanao ilianza siku alipoingia humanités. Amebakiza mwaka mmoja.

Angalia basi mpango unavyokwenda. Januari anafika, hati inasema ana miaka 15, shule inamrudisha darasa la 10. Anasoma miaka miwili na nusu, anakua, anafika mita 2.08, kocha wa chuo anampenda, anamwahidi ufadhili. Ndipo faili linafika kwenye ofisi kama ile niliyofanya kazi, na mtu kama mimi anauliza: mwaka wa kwanza wa humanités aliusoma lini? Masomo aliyoyasoma baada ya miaka minne kwisha, karibu yote hayahesabiwi. Nimewahi kuandika uamuzi huo kwa mkono wangu, zaidi ya mara moja. Simu ya kumweleza mzazi, na ile kimya ya upande wa pili wa laini, sijaisahau hata moja.

Ndiyo sababu nasema Exetat aifanye, tena aifanye akiwa na nguvu zake zote. Mwaka huo mmoja ndio unaoifunga hesabu yake vizuri. Upande wa sayansi ni bahati kwake: hesabu, fizikia, kemia, biolojia, historia, jiografia, yote hayo ni masomo ya aina wanayoitafuta. Mtoto wa mekanika au wa ushonaji angekuwa na kazi kubwa zaidi, kwa kuwa masomo ya ufundi hayaingii katika zile 16. Tangu 2023 NCAA haidai tena mtihani wa SAT wala ACT, na wengi wamefurahi, lakini maana yake ni kwamba uzito wote sasa umeangukia buletini. Alama ya fizikia anayoipata wiki hii Kampemba itasomwa na mtu aliyekaa Indiana.

Kiingereza nacho. Chuo chenyewe, mbali na NCAA, kitadai TOEFL au mtihani mwingine wa namna hiyo. Mkumbuke Dikembe Mutombo. Alifika Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, nia yake ni udaktari wa hospitali. Mwaka wa kwanza hakucheza kwenye timu ya chuo. Alikuwa anajifunza Kiingereza. Mita 2.18 zimekaa darasani zinasoma vitenzi! Msimu wa 1988–89 akaingia uwanjani, na mwaka 1991 akamaliza na shahada za isimu na diplomasia, ndipo Denver wakamchukua wa 4. Mara nne alichaguliwa mlinzi bora wa NBA. Alipofariki Septemba 2024, Kinshasa walimlilia mtu wa hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake kama walivyomlilia mchezaji.

Utaniuliza: mbona Oscar alikwenda mapema, bila Exetat? Ni kweli, na Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alikwenda mapema zaidi. Alivuka mwaka 2016, hajatimiza hata miaka 15, akapita shule tatu katika majimbo matatu, West Virginia, New York na New Jersey. Chuo hakukigusa, alikwenda G League Ignite, timu ya vijana wanaolipwa, na mwaka 2021 Golden State wakamchagua wa 7. Timu hiyo ya Ignite ilifungwa 2024, njia hiyo haipo tena. Anayekwenda na miaka 14 ana miaka yote minne ya sekondari mbele yake, masomo yake yote yatapatikana mahali pamoja. Mwanao ana robo iliyobaki. Kung'oa mti ukiwa mche si sawa na kuung'oa umeshaanza kuzaa.

Hata hivyo shule za kweli zipo, na sijamwona huyo bwana uso kwa uso, kwa hiyo nisimhukumu kabla ya kumwuliza. Mwulizeni jina la shule. Ikiwa ni ya serikali, jueni kwamba F-1 haimruhusu mwanafunzi kukaa sekondari ya serikali zaidi ya miezi 12, tena kwa kulipa gharama yote. Shule inayopokea watoto wetu kwa miaka ni ya binafsi au ya dini. Lazima iwe imeidhinishwa kupokea wageni, na orodha ya zilizoidhinishwa iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, Study in the States. Kijana atazame mwenyewe kwenye simu, halafu aiandikie shule kwa anwani iliyoko kwenye tovuti yake, si kwa anwani atakayopewa na bwana. Shule ikimkubali inatoa fomu ya I-20 yenye jina lake. Fomu hiyo isomeni kwa makini, maana inaandika gharama ya mwaka mzima na ni nani anayelipa. Ikiwa panasomeka kwamba familia ndiyo italipa, basi neno ufadhili lilikuwa la mdomoni tu.

Ada za serikali ni mbili ninazozijua vizuri: dola 350 za kumwandikisha katika mfumo wa wanafunzi wageni, na dola 185 za ombi la viza. Kila moja inalipwa kwa njia rasmi, na risiti inatoka kwa jina la mtoto. Ongezeni pasipoti, tafsiri za buletini, ndege ya kwenda Kinshasa kwa mahojiano. Hizo ni gharama ambazo mtu anaweza kuzitaja moja moja. Akishindwa kutaja, akasema tu "ni dosye, mama, mambo ya dosye", hapo mmepata jibu.

Mwulizeni pia mtoto atalala wapi na pasipoti yake atakaa nayo nani. Niliwahi kumpokea kijana wa Afrika Magharibi aliyetoka kwenye kitu kilichojiita akademia. Ilikuwa nyumba moja, vijana zaidi ya kumi, magodoro chini, na darasa ni kompyuta moja jikoni. Pasipoti zao zilikuwa kwenye droo ya kocha. Alikuwa mpole, mwenye mikono mizuri kuliko wote niliowahi kuwaona, na masomo yake ya miaka miwili hayakuhesabiwa hata moja. Yule si mchezaji aliyeshindwa. Aliibiwa.

Na msisaini chochote chenye asilimia. Kuna karatasi zinazompa mtu sehemu ya kila senti atakayopata mtoto kwa miaka mingi, zimeandikwa Kiingereza, zinaletwa jioni umeme ukiwa umekatika. Zamani hata mkataba mdogo wa kilabu ungeweza kumfungia kijana mlango wa NCAA. Siku hizi wamelegeza sana, lakini kila alichosaini ataulizwa.

Baada ya Exetat njia ziko nyingi kuliko hiyo moja mliyoonyeshwa. Divisheni I ina vyuo zaidi ya 350, na Divisheni II nayo inatoa ufadhili wa michezo. Divisheni III haitoi ufadhili wa michezo, kwa hiyo anayewaambia kwamba ameupata huko hasemi kweli. Nje ya NCAA kuna vyuo vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na kuna vyuo vya miaka miwili ambavyo mimi navipenda sana kwa watoto wa kwetu. Darasa ni dogo, Kiingereza kinakaa, mchezaji anacheza dakika nyingi badala ya kupiga makofi kwenye benchi, kisha anahamia chuo cha miaka minne akiwa mtu mzima. Barani kwetu kuna NBA Academy Africa huko Saly, Senegal, ambako Maluach alipita kabla ya Duke, na tangu 2021 kuna Basketball Africa League kwa mtu anayetaka kulipwa bila kuvuka bahari. Na akisoma hadi mwisho, mwenye F-1 anaweza kuomba kufanya kazi inayohusiana na shahada yake kwa miezi 12. Wengi wa niliocheza nao waliishi kwa hiyo miezi 12 na kilichofuata, si kwa basketi.

Kwa mwaka huu, basi, Kiingereza kila siku, hata nusu saa, kwa sauti. Acheze mechi nyingi kadiri anavyoweza, na mtu amrekodi mechi nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa simu iliyotulia mahali pamoja. Makocha wamechoka na video za dunki. Wanataka kuona anafanya nini akipoteza mpira, anarudi kulinda au anainua mikono kwa refa. Afungue akaunti ya bure katika ofisi ya NCAA inayopitisha wachezaji, inaitwa Eligibility Center, kwa tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa. Awaandikie makocha wasaidizi yeye mwenyewe, kwa maneno mafupi: urefu, umri, upande anaosoma, mwaka atakaomaliza, video. Wengi hawatajibu. Akipata majibu matatu ni mengi. Na Exetat ikitoka, muombe attestation, hati ya kuthibitisha kwamba amefaulu, mara moja, msikae kusubiri diploma yenyewe, maana mnajua inavyochelewa.

Baba yake mwambie kwa upole. Baba anayetaka kuuza kiwanja kwa ajili ya mtoto hana ubaya; amesikia nafasi moja tu, akaona ikimkimbia. Msomee barua hii mkiwa wawili, kabla kijana hajarudi kutoka mazoezini.

Kesho asubuhi mtume kijana shuleni kwa prefe wa masomo aombe nakala za buletini ya mwaka wa kwanza na wa pili wa humanités, zenye muhuri na sahihi. Zipige picha mbele na nyuma, muhuri usomeke. Karatasi zenyewe zitie kwenye mfuko wa plastiki, kavu, ziwekwe pamoja na karatasi za parseli, zikae kwako. Si kwa kocha, si kwa huyo bwana, na si kwangu.